Shajara ya mradi: kujenga upya kasha la kompyuta kwa vitofali vya LEGO

Machi: hali ya kasha la zamani

Kompyuta inayofanyiwa kazi hapa ni ya mezani, ya muundo wa mnara, iliyoundwa katikati ya miaka ya 2000, na sehemu kubwa ya maisha yake imekaa katika nyumba ya Kigamboni ambako upepo wa bahari huingia dirishani mchana na usiku. Mazabodi yake, yaani bodi kuu inayounganisha vifaa vyote, ya ukubwa unaoitwa microATX, ni nzima. Pawa saplai, kifaa kinachoigawia mashine umeme wa ukutani, inatoa umeme kwa viwango vinavyotakiwa, diski inasomeka, na feni zinazunguka bila kelele. Kilichokwisha ni kasha: kutu imetoboa sakafu yake na kula kingo za mlango wa pembeni, skrubu za nyuma zimegandamana na chuma, na uso wa mbele wa plastiki, uliokuwa mweupe, umegeuka manjano.

Nimekusudia kulijenga upya kwa vitofali vya LEGO, vile vya plastiki vya kuchezea vinavyoshikana, na ningependa ieleweke mapema kwamba sikusudii kulipamba tu. Kazi nyingi za aina hii nilizoziona hubandika vitofali juu ya kasha la chuma. Hupendeza machoni, lakini chuma ndicho kinachoendelea kubeba kila kitu. Kwangu chuma ndicho kilichoshindwa. Plastiki ya ABS, ambayo ndiyo malighafi ya vitofali hivi tangu mwaka 1963, haishiki kutu hata kidogo, na kwa nyumba ya pwani hilo peke yake linatosha kuipa kazi ya ukuta. Hata hivyo kasha la chuma lilikuwa na kazi nyingine zisizoonekana, yaani kupeleka ardhini umeme unaovuja (ndiyo ethi) na kuzuia mawimbi ya redio yanayotoka ndani ya mashine, na plastiki haiziwezi kazi hizo mbili. Kwa hiyo sharti la mradi huu ni kwamba kila kazi iliyokuwa ikifanywa na chuma kinachoondolewa ipate mrithi wake, na mrithi huyo apimwe kabla mashine haijafungwa.

Wazo la kuifungia kompyuta ndani ya vitofali vya kuchezea lina historia yenye heshima. Mwaka 1996, Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walipanga diski 10 za gigabaiti 4 kila moja ndani ya kasha la vitofali vikubwa vya watoto, wakapata hifadhi ya gigabaiti 40 kwa ajili ya utafiti uliokuja kuzaa Google; kasha hilo limehifadhiwa chuoni hapo hadi leo. Mwaka 2012, katika Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, timu ya Profesa Simon Cox iliunganisha kompyuta ndogo 64 za Raspberry Pi na kuzipanga katika rafu za LEGO ambazo profesa alizijenga pamoja na mwanawe wa miaka 6. Kazi hizo mbili zilihusu kupanga vitu vingi vya umbo moja. Yangu ina vipande vichache, lakini kila kimoja kina umbo lake na mahitaji yake, na ndiyo maana nilitumia muda mrefu kwenye vipimo kabla ya kugusa kitofali chochote.

Machi, mwishoni: vipimo

Kipimo cha msingi cha LEGO ni milimita 8, yaani umbali kutoka katikati ya kinundu kimoja, kile kipande cha duara kinachochomoza juu ya kitofali, hadi katikati ya kinundu jirani. Kitofali cha kawaida, bila kuhesabu kinundu, kina kimo cha milimita 9.6, na kibamba, kile kipande chembamba, ni theluthi ya kimo hicho, yaani milimita 3.2. Vibamba vitano vikipangwa hufikia milimita 16, ambazo ni sawa na upana wa vinundu viwili. Hesabu hiyo ndogo ndiyo inayomwezesha mjenzi kulaza vitofali ubavu na bado vikakutana na vile vilivyosimama.

Vipimo vya kompyuta, kwa upande wake, vingi vimetokana na inchi, na nilitarajia kupigana navyo. Mazabodi ya microATX ni mraba wa milimita 244, yaani vinundu 30 na nusu. Nimeipa vinundu 31, ambavyo ni milimita 248, nafasi ya kupumua ikiwemo. Pawa saplai ina upana wa milimita 150, kimo cha 86 na kina cha 140. Kimo hicho kimenifurahisha sana, kwa sababu kozi tisa, yaani safu tisa za vitofali zilizopandana, ni milimita 86.4, kana kwamba waliopanga vipimo hivyo walishauriana. Feni ya milimita 80 inachukua vinundu 10 kamili kwa upana, na kwa kimo inachukua kozi nane na kibamba kimoja, ambazo ni milimita 80 bila ziada wala upungufu. Feni ya milimita 120 ni vinundu 15 kwa upana, na kozi 12 pamoja na vibamba viwili, yaani milimita 121.6, kwa kimo.

Kilichonitia wasiwasi zaidi ni dirisha la nyuma linalopitisha milango ya kuchomekea waya, ambalo katika kasha la chuma hukatwa kwa milimita 158.75 kwa 44.45. Nilipofanya hesabu nikakuta kwamba vinundu 20 ni milimita 160, na vibamba 14 ni milimita 44.8. Tofauti ni zaidi kidogo ya milimita moja upande mmoja, na chini ya nusu milimita upande wa pili. Hakuna fundi wa mbao ambaye angeahidi zaidi ya hapo.

Ikumbukwe pia kwamba vitofali hutengenezwa vidogo kidogo kuliko nafasi vinayoikalia, ili visibanane: kitofali cha vinundu viwili kwa vinne kina milimita 15.8 kwa 31.8, si 16 kwa 32. Kwa sababu hiyo kila uwazi unaoachwa ukutani huwa mkubwa kwa milimita 0.2 kuliko hesabu ya vinundu inavyoonyesha, na feni ya 120 inaingia katika uwazi wa vinundu 15 bila kupigwa msasa.

Mpangilio uliotokana na vipimo hivyo ni wa kulala, si wa mnara. Mazabodi italazwa chini upande mmoja, pawa saplai itakaa upande wa pili katika chumba cha vinundu 19, na kati yao utakuwepo ukuta wa ndani wa vinundu viwili wenye tundu la kupitishia waya. Mbele ya pawa saplai patalazwa diski, ambayo ina milimita 147 kwa 101.6, na hivyo inatosha katika vinundu 19 kwa 13. Nafasi ya ndani yote ni vinundu 52 kwa 36. Kuta za nje zikiwa na unene wa vinundu viwili, kasha zima linakuwa vinundu 56 kwa 40, sawa na milimita 448 kwa 320, na kimo cha kozi 14, yaani milimita 134.4.

Aprili: kukusanya na kusafisha vitofali

Kila kozi ya kuta za nje inahitaji vitofali 46 vya vinundu viwili kwa vinne, au vipande vingine vyenye eneo hilo. Kwa kozi 14 idadi ni 644, kabla ya kutoa madirisha. Kitofali kimoja cha aina hiyo kina uzito wa gramu 2.3 hivi, kwa hiyo ukuta mzima hauzidi sana kilo moja na nusu. Kununua vipya vyote kungekuwa ghali mno, hivyo nimevikusanya kutoka kwa wauzaji wa mitumba wanaopokea vitu vya kuchezea pamoja na nguo, ambao huviuza vikiwa vimechanganyika ndani ya mifuko.

Katika mifuko hiyo LEGO halisi huwa pamoja na vitofali vya makampuni mengine vinavyoshikana navyo, kwa kuwa hataza ya mwaka 1958, yaani haki ya LEGO ya kutengeneza kitofali hicho peke yake, iliisha muda wake zamani. Sina neno na vitofali hivyo vya kufanana, na baadhi ni vizuri sana, lakini sivichanganyi katika kozi moja. Tofauti ya sehemu moja ya kumi ya milimita katika kila kitofali cha vinundu vinne, ikikusanyika katika ukuta wa vinundu 56, hufikia milimita 1.4, na hapo ukuta hujikunja au hufunguka kwenye kona. Vya kufanana nimevitenga kwa ajili ya ukuta wa ndani, ambao ni mfupi.

Usafishaji ni wa maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 za Selsiasi, sabuni laini na mswaki, kisha kuvianika kivulini juu ya chandarua ili maji yatoke kwenye matundu ya chini. Maji ya moto hupindisha plastiki na kuipunguzia nguvu ya kushika.

Vyeupe vingi vilikuwa vimegeuka manjano, kama uso wa kasha lenyewe. Mwanga wa jua huishambulia sehemu ya mpira iliyomo ndani ya ABS, na katika makasha ya kompyuta dawa za kuzuia moto zenye bromini huharakisha mabadiliko hayo. Tiba yake ni kuvitumbukiza katika maji ya haidrojeni peroksaidi, ile ya duka la dawa, na kuviweka juani katika chombo kinachopitisha mwanga, huku nikivaa glavu na kuvigeuza mara kwa mara ili visitoke na mabaka. Jua la Dar es Salaam halina haja ya taa ya ziada. Weupe umerudi vizuri, ingawa rangi iliyorudishwa hivyo inaweza kuanza kubadilika tena baada ya miaka, na ndiyo sababu vyeupe hivyo nimevipangia upande usioelekea dirishani.

Mei: kutoa chuma, na suala la ethi

Ribeti za kasha la zamani zilitobolewa kwa drili, na sakafu iliyooza ikatupwa. Nilichokihifadhi ni ile trei ya chuma inayobeba mazabodi, pamoja na ukanda wa ukuta wa nyuma wenye dirisha la milango, vikiwa bado vimeungana kwa umbo la L. Kwa bahati hii ndiyo sehemu ambayo kutu haikuifikia sana. Ilipigwa msasa, ikapakwa rangi ya kuzuia kutu, isipokuwa mahali ambapo vinguzo vya shaba vya mazabodi hugusana na chuma. Mahali hapo pameachwa pakiwa wazi kwa makusudi, kwa kuwa skrubu za mazabodi ndizo zinazoiunganisha na chuma, na rangi ingeuvunja muungano huo.

Fundi umeme wa mtaani kwetu, kijana ninayemheshimu kwa uangalifu wake, alipopita na kuona kuta za mwanzo aliniamkia, akauliza: "Mwalimu, hapa ethi inashika wapi?" Ni swali ambalo kila mjenzi wa kasha la plastiki anapaswa kuulizwa. Katika kasha la kawaida ganda la pawa saplai hugusana na chuma kwa skrubu nne, na ganda hilo limeunganishwa na pini ya tatu ya plagi. Katika kasha langu ganda limezungukwa na plastiki pande zote. Kwa hiyo nimefunga waya mnene wa kijani na manjano kutoka kwenye tundu la skrubu la pawa saplai hadi kwenye trei, na kupima kwa mita kutoka pini ya ethi ya plagi hadi kona ya mbali ya trei. Ukinzani uko chini ya omu moja. Fundi alipima tena kwa mita yake mwenyewe, akaridhika.

Pawa saplai yenyewe haijafunguliwa na haitafunguliwa. Umeme wa volti 230 ukishageuzwa ndani yake hufikia kilele cha takriban volti 325, na kapasita zinaweza kuuhifadhi hata baada ya plagi kuchomolewa.

Suala la mawimbi ya redio limepata jibu tofauti. Redio ya FM, ambayo hutumia masafa ya kati ya 88 na 108 MHz, iliwekwa karibu na mazabodi iliyo wazi ikiwa inafanya kazi, na stesheni dhaifu zikafunikwa na mvumo. Nimefunika upande wa ndani wa kuta kwa bati jembamba la aluminiamu, kingo zake zikiwa zimezungushiwa utepe wa kuhami umeme, na kila kipande kimeunganishwa na trei kwa waya mfupi. Mvumo umepungua kiasi cha stesheni hizo kusikika tena mezani hapo hapo. Bati hilo halisogei karibu na mazabodi mahali popote, kwa sababu kipande kimoja kikilegea na kugusa miguu ya vifaa chini ya bodi kinaweza kuua mashine nzima.

Juni: kuta

Kuta zimejengwa bila gundi. Gundi hufanya ukuta uwe wa kudumu, lakini inaondoa faida kuu ya malighafi hii, kwamba sehemu yoyote inaweza kufunguliwa na kubadilishwa. Badala yake nguvu inatokana na ufungaji wa kozi: kiungo cha kozi ya chini hakikutani na kiungo cha kozi ya juu, na kona zinafungwa kwa kupishana, kozi moja ikitoka upande huu na inayofuata upande ule. Uso wa nje wa mbele umejengwa kwa vitofali vyembamba vya kinundu kimoja ili kupata michoro ya rangi, na kila kozi ya tatu ni ya vitofali vya vinundu viwili vinavyoushika uso huo pamoja na mgongo wake.

Madirisha yanahitaji linta, kama ilivyo kwa nyumba yoyote. Juu ya dirisha la milango, lenye vinundu 20, nimepitisha boriti ndefu za vinundu 16, zile zenye matundu ubavuni, katika tabaka mbili zinazopishana. Tabaka moja hulegea katikati ukilibonyeza kwa kidole. Ukuta unaolizunguka dirisha hilo umepunguzwa unene hadi kinundu kimoja, kwa sababu ukuta wa milimita 16 ungezuia vichwa vya waya visifike hadi mwisho wa milango.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni nguvu za mkono. Ukichomeka waya unaisukuma mazabodi ndani. Ukiuchomoa unaivuta nje. Trei kwa hiyo imezuiwa kwa vitofali mbele na nyuma, na pawa saplai imefungiwa katika chumba chake kwa mdomo wa kinundu kimoja kila upande nyuma, huku safu ya vitofali mbele yake ikizuia isirudi ndani. Nimechomeka na kuchomoa waya wa umeme kwa nguvu ya kawaida ya mtu mwenye haraka, na hakuna kilichosogea.

Feni ya mbele, ya milimita 120, inaingiza hewa. Ya nyuma, ya milimita 80, inaitoa, ikisaidiwa na feni ya pawa saplai. Feni ya nyuma imekaa kando ya dirisha la milango, mahali palipokuwa pa kadi za ziada, ambazo mashine hii haina. Unene wa feni ni milimita 25, na vinundu vitatu ni milimita 24 tu, kwa hiyo nafasi yake ni ya vinundu vinne na pengo limejazwa ukanda wa mpira, ambao pia unazuia mtetemo usifike ukutani. Mbele ya feni ya kuingiza hewa nimeacha matundu kwa kupishanisha vitofali, mfano wa yale matofali ya hewa ya nyumba zetu za pwani, na nyuma ya matundu hayo pana kipande cha chandarua kilichokunjwa mara mbili kwa ajili ya vumbi.

Julai: uso wa mbele

Mapambo yamekuja mwisho, na yamefuata kanga. Kanga ina pindo inayozunguka na mji katikati, na uso wa mbele wa kasha una kingo na duara la feni, kwa hiyo mpango huo uliingia wenyewe mahali pake: pindo jeusi na jekundu katika kozi za juu, za chini na nguzo za pembeni, mji mweupe, na umbo la korosho katika kila kona ya ndani.

Aliyezoea kuchora michoro ya aina hii kwenye karatasi ya miraba atapata shida hapa. Kitofali cha kinundu kimoja kinachotazamwa ubavuni kina upana wa milimita 8 na kimo cha 9.6, hivyo kila alama inarefuka kwenda juu kwa uwiano wa 5 kwa 6. Duara lililochorwa kwenye karatasi ya miraba hutoka kama yai. Nimejichorea karatasi yenye vyumba vya uwiano huo, na korosho zimetoka na mkunjo unaostahili, ingawa kwa kozi 14 tu mtu hawezi kuzipa vidoti vyote vya kanga ya kweli. Katika umbo la korosho ya kona ya kulia, kitone chekundu ndicho kitufe cha kuwashia: kipande laini cha vinundu viwili kwa viwili kinachosukuma swichi ya zamani iliyofichwa nyuma yake. Taa ndogo ya milimita 3 imepita katika tundu la boriti, ambalo lina kipenyo cha milimita 4.8.

Paa ni karatasi ya akriliki ya milimita 3 iliyokatwa na mafundi wa mabango. Imekaa ndani ya ngazi ya kimo cha kibamba kimoja, milimita 3.2, kwa hiyo iko karibu sawa na ukingo wa ukuta, na ukuta wa ndani unaishika katikati isilegee.

Agosti: kuwashwa

Mashine imewashwa ikiwa imefungwa kabisa. Chumba kikiwa na nyuzi 31 za Selsiasi, prosesa ilitulia kwenye 46 bila kazi nzito na kufikia 67 baada ya saa nzima ya kazi nzito. Hewa iliyotoka nyuma ilikuwa na nyuzi 41, na kitofali kilicho karibu zaidi na kipozeo cha prosesa kilipimwa 43. ABS huanza kulegea karibu na nyuzi 100, hivyo ukuta uko mbali na hatari. Hata hivyo nimeacha umbali wa vinundu vitatu kutoka kipozeo hadi plastiki yoyote, na sitaupunguza hata nikipata feni yenye nguvu zaidi.

Kazi zilizobaki ni tatu. Miguu ya mpira chini ya kona inasubiri gundi inayofaa, kwa kuwa hapo ndipo mahali pekee nitakapokubali gundi. Pindo la upande wa kushoto lina mapengo ya vitofali vyeusi vya kinundu kimoja kwa viwili, ambavyo ni adimu katika mifuko ya mitumba, na kwa sasa yamejazwa kijivu. Diski ya zamani nayo itabadilishwa kwa ya inchi 2.5, yenye milimita 100 kwa 70, ambayo inahitaji vinundu 13 kwa 9 tu. Kitanda chake kimeshajengwa mbele ya pawa saplai, kikisubiri diski yenyewe.